Kofia Aliyoigusa Kunigunda

Wifi yangu Kunigunda alikuwa na mikono isiyotulia. Akiona uzi umening'inia mgongoni mwa mtu asiyemjua, lazima auchomoe. Kanisani, padri yuko katikati ya sala, yeye macho yake yako kwenye taji la Bikira Maria lililopinda. Nimemwona mwenyewe akipanda ngazi za altare baada ya misa kwenda kulinyoosha. Hapa Lindenfurt watu walimcheka, kisha wakamletea kazi zao, maana mtaa mzima wa ngozi, kuanzia kwa wachunaji kule mtoni mpaka kwa washona viatu, hakuna aliyekuwa na vidole kama vile. Nayasema haya mimi ambaye sikumpenda. Kumsifu mtu usiyempenda kunachosha, lakini nitajitahidi.

Kaka yangu Jobst ni fundi matandiko ya farasi. Mimi, Mechthild, sikuolewa. Baba alituachia karakana, kaka akapewa nyundo na jina la kazi, mimi nikapewa sindano. Katika karakana ile nilikuwa nikishona shungi, yaani yale madude yanayokaa juu ya kofia za chuma za waungwana, simba, pembe, samaki, ndege, ili mtu ajulikane ni nani akiwa amefunika uso. Ngozi unaichemsha mpaka ilegee, unaikandamiza kwenye kalibu la mti, ikikauka unaibandika kitani kwa gundi ya kwato, unapaka chaki, ndipo unapaka rangi. Ni kazi nzuri, na nilikuwa naijua. Kisha kaka akaoa. Akaletewa Kunigunda, binti wa mchuna ngozi, ana miaka kumi na saba, ananuka chokaa kwa mbali hata siku ya harusi. Mwaka haujaisha tayari anashika kalibu zangu. Miaka miwili baadaye wateja wakifika mlangoni wananipita kama nimesimama hapo kuuza upepo, wanauliza, yuko wapi yule mwenzio? Nikarudishwa kwenye mikanda na bizimu. Nikawa pia ndiye wa kupeleka mizigo, kwa sababu yeye alikuwa na mimba kila mara na hakuweza kutembea mbali. Alizaa watano, akazika wanne. Aliyebaki ni Apollonia.

Huyo Apollonia nilimpenda. Hilo niliseme wazi, lisije likapotea katika haya mengine.

Sasa, Veit wa Dornhag. Muungwana, ndiyo, mababu zake wote wanajulikana kwa majina, lakini hana mbele wala nyuma. Mnara mmoja unaovuja, kijiji cha nyumba tisa, na bata bukini mweupe kwenye ngao. Alikuja kutengenezewa tandiko mwezi wa kupura nafaka, akarudi kwa ajili ya hatamu, akarudi kwa ajili ya bizimu moja, na hakuna mwanamume anayepanda farasi nusu siku kwa ajili ya bizimu. Nilimwambia kaka huyu anataka kumchezea mtoto. Kumbe nilikosea. Alimwoa. Walifungishwa ndoa na padri mzee karibu kipofu, katika kikanisa cha Dornhag, na aliyekwenda kushuhudia ni Kunigunda peke yake, maana kaka alikuwa amelala na homa na mimi niliambiwa nibaki na karakana. Kwaresima ilipofika padri yule akafa.

Ndoa ilifichwa, na sababu yake kila mtu hapa anaijua. Muungwana akioa binti wa fundi haruhusiwi kushindana na wenzake kwenye mashindano ya mikuki. Akijipenyeza na akagundulika, anapigwa. Na mwaka ule Veit alikuwa hana budi kushindana, kwa sababu Bwana wa Wertenau, mkubwa wa nchi yote hii ya mtoni, alikuwa anatafuta mtu wa kumkabidhi ngome yake ya mpakani, na alisema atamchagua kati ya watakaopanda vizuri Lindenfurt. Veit alituahidi mezani kwetu, amemshika Apollonia mkono: akipata ngome tu, atamchukua mchana kweupe, amtambulishe kwa kila mtu kuwa ni mke wake. Kule mpakani hakuna anayeuliza mke wa mtu katoka wapi, mradi lango lifungwe. Apollonia wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Aproni ilikuwa bado inamsitiri, lakini wake za majirani walishaanza kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo ilikuwa hivyo: ngome ikipatikana, mtoto anazaliwa na baba. Isipopatikana, tungeendelea kuficha kitu kisichofichika.

Mashindano yalikuwa Jumanne baada ya Pentekoste. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, kila kitu kikarundikwa siku moja: asubuhi maonyesho ya kofia kwa watawa, mchana mikuki. Tulitoka wote wanne. Kaka alivaa koti la Pasaka. Kunigunda alifunga kikapu cha mkate mweusi, soseji, jibini, mayai kumi na mawili ya kuchemsha na gudulia la bia, kana kwamba tunakwenda kuhama. Nani alibeba kikapu? Mimi. Njiani Apollonia alinunua mkate wa tangawizi wenye umbo la farasi, akala kichwa akanipa miguu. Alikuwa na furaha mpaka inatia wasiwasi. Kunigunda naye hakunyamaza. Alikuwa amemtengenezea mkwewe shungi jipya, bata bukini mwenye shingo ndefu na mdomo wazi, manyoya halisi ubavuni, na alitaka kumwona bata wake amekaa katikati ya simba wa watu.

Kofia zilikuwa zimepangwa kwenye ubao mrefu katika ukumbi wa wazi wa watawa, zaidi ya sitini, kila moja na shungi lake juu. Mabibi wa kiungwana walikuwa wakipita mbele yake wamevaa mahameli, wakiongozwa na mpiga mbiu mwenye fimbo nyeupe. Sisi watu wa mji tuliruhusiwa kusimama nyuma ya kamba. Na hapa inabidi nieleze kitu ambacho mimi nilikijua na Kunigunda hakukijua. Bibi akigusa kofia, amemshtaki mwenye kofia. Ndiyo maana yale maonyesho yapo, si kwa uzuri. Huyu alimsema mwanamke vibaya, yule alivunja ahadi, yule kaoa chini: bibi ananyoosha mkono, anagusa, mpiga mbiu anauliza. Mimi nilikuwa nimepeleka shungi mahali pale miaka kumi na tisa, nilishaona kofia zikiguswa, nilishawaona wenyewe wakitoka uwanjani wamebebwa. Yeye alikuwa nyumbani na mimba zake. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Unyevu wa siku tatu ulikuwa umelegeza gundi. Shingo ya bata ilikuwa imeinama, mdomo umeangalia pembeni chini, kama mlevi aliyelala kwenye meza ya watu. Bibi mmoja kijana alisimama mbele yake, akacheka, akamwonyesha mwenzake, akasema bata wa Dornhag kanywa na kulala. Wote wakacheka. Kunigunda alisikia. Nilimwona akivuta pumzi. Nikaona mkono wa kulia unainuka.

Nilikuwa na muda wa kusema neno moja. Nilikuwa na muda wa kusema hata matano. Sikusema. Nilijua watamkemea, labda atapigwa fimbo ya mkono na kutolewa nje mbele ya mji mzima, na nikahisi utamu kinywani. Nilifikiri nitacheka mwezi mzima. Kumfikiria Apollonia sikumfikiria kabisa, na hilo ndilo ninaloungama kila mwaka, na kila mwaka padri ananipa sala zilezile tatu.

Alipita chini ya kamba. Akalamba kidole gumba, akakishika kichwa cha bata kwa mikono miwili kama mtu anayemnyoosha mtoto mchanga shingo, akakandamiza, akashikilia, akahesabu kimya kimya mpaka gundi ikashika. Kisha akarudi hatua moja kutazama kazi yake.

Fimbo ya mpiga mbiu ikagonga sakafu. Alitangaza kwamba kofia ya Dornhag imeguswa. Watu wakacheka kwanza, na yeye mwenyewe akatabasamu, maana aliona mbele yake mwanamke wa mjini mwenye aproni, na mkono wa mtu kama huyo haumshtaki muungwana. Alikuwa tayari kuliacha lipite. Alimwuliza kwa mzaha tu:

"Haya, mama. Una dai gani na mwenye kofia hii?"

Kunigunda alipauka. Alielewa jambo moja tu, kwamba amemtia Veit matatani, na akakimbilia kumwokoa.

"Dai? Sina dai naye hata kidogo, bwana. Huyu ni mkwe wangu."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Yeye akaona wote wanamtazama, akadhani hawajamsikia vizuri, akaongeza kwamba ni kijana mzuri, hamtukani mtu, wamwulize mtu yeyote pale Dornhag. Kaka yangu alipita chini ya kamba naye, amemshika mkewe bega, akasema mkewe amechanganyikiwa na joto. Joto gani, baada ya siku tatu za mvua? Mpiga mbiu hakumtazama yeye. Alipeleka macho nyuma ya kamba, taratibu, yakapita juu yangu, yakatua kwenye aproni ya Apollonia yakakaa hapo. Tabasamu lilikuwa limemwisha.

Tulikimbilia mahema kumwonya Veit. Mlinzi alitusukuma kwa mpini wa mkuki, kaka akaanguka kwenye tope na koti lake la Pasaka. Tulizunguka upande wa pili, kote kumefungwa. Mwishowe tukajikuta kwenye uzio wa uwanja, tumebanwa katikati ya watu wanaokula, na baragumu zinalia.

Alitoka akiwa hajui kitu. Farasi wake anacheza, mkuki uko sawasawa, bata kasimama wima juu ya kofia, mdomo umenyooka. Alisimama mwisho wa uwanja akimsubiri mtu mmoja mwenye mkuki. Wakatoka watano wenye marungu.

Sitasema kila pigo. Rungu la kwanza lilimwondoa bata, manyoya yakapaa na watu wakapiga vigelegele. La pili na la tatu mabegani. Alipojaribu kugeuza farasi walimzunguka, wakamtwanga mpaka mikono ikaanguka pembeni. Kisha wakafanya kama desturi inavyotaka: mikanda ya tandiko inakatwa, mtu anainuliwa pamoja na tandiko lake, anakalishwa juu ya boriti ya uzio kama mtoto kwenye farasi wa mti, kofia inavuliwa, na hapo atakaa mpaka mashindano yaishe. Farasi wake anachukuliwa. Mikanda ile kaka aliishona mara mbili. Ilikataa kukatika, wakaleta kisu kingine. Nilimsikia kaka akisema chini chini kwamba ile ni ngozi nzuri, ngozi ya fahali, itawachukua muda. Ndicho kitu pekee alichosema mpaka mikanda ikakatika.

Uso wa Veit ulikuwa umevimba upande mmoja, jicho limefunga. Watu wakaanza kulia kama bata bukini. Watu wazima, wenye ndevu, wenye heshima zao, kwaa, kwaa. Mayai yakaruka, kisha tope. Mchinja nyama aliyesimama karibu nasi, mtu mchangamfu, ambaye hakujua sisi ni nani, alifinyanga donge la tope akamwekea Apollonia mkononi. Akamwambia, "Rusha, dada, leo ni bure." Apollonia alilishika lile donge. Hakujua aliweke wapi. Alilishika mpaka likakauka.

Na kila jozi ya wapanda farasi ikimaliza zamu yake, ikirudi inapita kwenye boriti na kumpiga kwa kitako cha mkuki. Mara moja kila mmoja. Zilikuwa zimebaki zamu kumi na nne. Mpiga mbiu alimsogelea akamwuliza mbele ya watu, je, ni kweli ameoa binti wa fundi? Veit alitema jino, hakujibu. Akaulizwa tena baada ya zamu ya pili. Hakujibu. Nakuapia, nilianza kumheshimu. Mpiga mbiu akatangaza kwamba kimya chake kinatosha, na kwamba atashuka pale kabla ya wakati kwa njia moja tu: aliyesema ana mkwe aje ayafute maneno yake kwa kiapo.

Zamu ya tatu ilipopita alipigwa mbavuni na sauti ikamtoka, sauti ndogo. Apollonia akamgeukia mama yake.

"Mama, nenda kawaambie ulidanganya."

Kunigunda alimtazama kama hajamwelewa. Alimwuliza, nikisema hukuolewa, wewe utakuwa nani? Na huyo tumboni atakuwa nani? Padri amekufa, aliyeona ni mimi tu.

"Nitakuwa mke wake. Yeye anajua, mimi najua, Mungu anajua. Ni maneno ya mdomoni tu, mama. Watamuua pale."

Kunigunda akasema kiapo cha uongo juu ya msalaba si maneno ya mdomoni. Kaka akasema tusifanye lolote, tungoje, zamu zitaisha. Wote watatu wakanitazama mimi. Zamu ya nne ilikuwa inarudi. Nikasema, nenda.

Akaenda. Alipanda mlango mdogo wa uzio akavuka, na aproni yake, na nywele zimetoka kwenye kitambaa. Wakamletea msalaba. Akainua vidole viwili vya mkono wa kulia kama inavyotakiwa, akaapa kwamba yeye, Kunigunda mke wa Jobst fundi matandiko, alisema uongo ukumbini kwa sababu ya majivuno, na kwamba binti yake hakuolewa na Veit wa Dornhag wala na mtu mwingine. Sauti yake ilifika mpaka nyuma. Mpiga mbiu akamwuliza, basi lile tumbo tulione vipi?

"Hiyo ni aibu ya nyumbani kwangu," akasema.

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Mchinja nyama aligeuka, akamwona Apollonia vizuri kwa mara ya kwanza, akasogea mbali kidogo na mkewe akamvuta mtoto wao. Mpiga mbiu akamwuliza Veit, ni kweli? Veit alitafuta kwa lile jicho moja mpaka akampata Apollonia kwenye uzio. Apollonia akatikisa kichwa kukubali, mara mbili, na akatabasamu ili amtie moyo.

"Kweli," akasema Veit. "Hakuna ndoa."

Wakamshusha. Mambo yakageuka kama nguo. Mabibi walewale waliocheka ukumbini wakammiminia divai kwenye kikombe cha fedha, wakamfuta uso kwa leso zao, wakamwomba radhi kwa makosa ya mwanamke mjinga. Alirudishiwa farasi. Akaazimwa tandiko la mtu. Akasema atapanda zamu ya mwisho, na akapanda, kichwa kimefungwa kitambaa, mbavu zimevunjika, akamtoa mwenzake kwenye farasi kwa pigo moja safi kifuani. Uwanja mzima ulisimama. Bwana wa Wertenau alimwita pale pale jukwaani, akamshika bega. Apollonia alilia kwa furaha. Alinishika mkono akauma midomo, akaniambia, shangazi, ameipata, ameipata.

Tulimsubiri kwenye njia ya mahema, jua bado lipo. Alikuja akitembea na watu wa Wertenau, akichechemea. Alipotuona alisimama, akawaambia wenzake watangulie. Nitamtendea haki: aliona haya. Hatua nne za kwanza aliona haya kweli. Apollonia alimwendea akataka kumgusa uso, yeye akaurudisha nyuma, labda kwa maumivu. Apollonia akamwuliza watakwenda lini.

"Apollonia, mama yako ameapa juu ya msalaba mbele ya mji mzima. Unataka nimfanye mwongo?"

Apollonia akamwambia yeye anajua ilikuwa mdomoni tu. Veit akasema Bwana wa Wertenau ameshamwuliza kama ana mke, na yeye akajibu kama ilivyoapwa, na karani ameandika. Ile ngome ina sherehe zake, ina wageni wake, mashindano mengine yapo mwezi wa mavuno. Aliongea haraka haraka kama mtu anayesoma bei. Kisha akamtazama Kunigunda, mama mkwe wake aliyemsimamia kwenye kikanisa cha Dornhag, akamwambia asante, mama, umeniokoa. Na kwa Apollonia akasema, akizaliwa wa kiume nipelekee habari. Akaenda.

Jumapili ya pili yake wanawake wa kanisani walimvua Apollonia kitambaa cha kichwa. Hapa kwetu anayefunika nywele ni mke wa mtu. Walifanya bila kelele, wanawake watatu, mmoja wao aliwahi kusuluhishiwa ugomvi wake na mumewe mezani kwetu. Apollonia alikaa misa nzima kichwa wazi na tumbo mbele. Kunigunda alikaa pembeni yake, na nilitazama mikono yake: ilikuwa imetulia mapajani, haigusi kitu. Sijawahi kuiona hivyo.

Asubuhi yake Kunigunda akaenda kwa baraza la mji. Kaka alimzuia mlangoni, alipiga magoti, mwanamume wa miaka hamsini. Alimwambia adhabu anaijua. Kunigunda akasema anaijua ndiyo. Mbele ya baraza akasema alichosema ukumbini kilikuwa kweli, ndoa ilifungwa, yeye aliiona, padri fulani, siku fulani, mvua ilikuwa inanyesha na mshumaa ulizimika mara mbili. Alichoapa uwanjani ndicho kilichokuwa uongo. Wakamwuliza mara tatu kama anaelewa anachokiri. Akasema anaelewa.

Aliyekula kiapo cha uongo anakatwa vidole viwili vya kuapia. Walimkata siku ya soko, kwenye gogo mbele ya ukumbi wa baraza, kwa tindo na nyundo. Mnyongaji alikuwa kijana, alikosea cha kwanza, ikabidi arudie. Kunigunda alipiga yowe moja. Wakamfunga mkono kwa kitani, na sisi tukamwingiza tena ukumbini kwa sababu alikataa kurudi nyumbani. Damu ilikuwa inapita kwenye kitani. Alisimama mbele ya karani akamwambia, sasa andika kwamba binti yangu ni mke wa Veit wa Dornhag.

Karani alikuwa mzee mpole. Alifungua kitabu, akakisoma, akakifunga. Akamweleza taratibu kwamba neno la aliyekula kiapo cha uongo halipokelewi tena kwa jambo lolote, si la ndoa, si la mpaka wa shamba, si la kuku aliyeibwa. Tangu lilipopita tindo, halipokelewi.

"Mngeniambia kabla," Kunigunda akasema.

"Hukuuliza, mama."

Akakaa chini sakafuni. Karani akamhurumia, naamini alimhurumia kwa dhati, kwa sababu aliinama juu ya meza akatuuliza sisi wengine kama kuna mtu mwingine aliyekuwapo siku ile kikanisani, hata mtu mmoja tu, mwenye jina safi, aseme aliona, atalipokea neno lake na ataandika. Apollonia aliinua uso akanitazama. Mvua ilikuwa inanyesha, mshumaa ulizimika mara mbili, vyote nilishavisikia. Nilitazama mkono wangu wa kulia.

Nikasema hapana, bwana, mimi sikuwapo.